Kati ya Mama na Ulimwengu: Mafunzo Niliyopata kwa Mabinti wa Jumamosi

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii nimeisikia shuleni, kanisani, kwenye vikao vya harusi na hata barazani kwa balozi tulipokwenda kusuluhisha ugomvi. Husemwa kana kwamba walimu duniani ni wawili tu. Kila nikiisikia najiuliza bibi zetu wa huku Masasi walikuwa wapi ilipotungwa, maana kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde mama mzazi ndiye hasa ambaye hakutakiwa kumfunda bintiye mambo ya utu uzima. Kazi hiyo ilikuwa ya kungwi, ya somo, ya bibi. Kati ya mama na ulimwengu daima palikuwa na mwanamke mwingine, na mama alimpisha kwa hiari.

Kanisa liliwahi kulielewa jambo hili. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika kutoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka hapa chini ya majabali. Wamisionari wengi wa zama zile waliliona jando na unyago kuwa giza la kufutwa. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alishika njia yake. Jando likafanywa pamoja na sala na mapadri wakiwapo, na kwa upande wa mabinti yakawekwa malango, mafunzo ya Kikristo yaliyoongozwa na wanawake waumini. Wasomi bado wanabishana kama alikosea au alipatia. Mimi si msomi wa kiasi hicho, ila naona alitambua kwamba ukimwondoa yule mwanamke wa katikati bila kuweka mwingine, nafasi yake haitabaki tupu.

Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi, nami ni mwanachama wa Umoja wa Akina Mama katika parokia yetu. Jumamosi alasiri mabinti huja nyumbani kwangu. Mengine kati ya mafunzo yafuatayo nilifundishwa na akina mama wenzangu. Mengi nilifundishwa na wao wenyewe.

1. Kuna habari ambazo mama huwa wa mwisho kuzisikia

Mama akiambiwa kwamba bintiye wa kidato cha tatu ana mpenzi, hofu inayomshika si ya binti peke yake. Anawaza mumewe atasemaje, mawifi watasemaje, jirani aliyewahi kumnanga mwaka juzi atacheka vipi. Binti anaijua hofu hiyo tangu akiwa mdogo, kwa hiyo hufunga mdomo mapema. Mimi nikiisikia habari ileile, hakuna wifi wa kunisuta. Naweza kuuliza swali moja na kusubiri jibu, hata likichelewa mpaka Jumamosi nyingine. Simzidi mama yake wema. Habari yenyewe hainidai kitu, basi. Nguvu yote ya mlezi asiye mzazi iko hapo, na nimeona walezi wazuri wakiipoteza siku walipoanza kusema "umenitia aibu".

Tazama Injili ya Luka, sura ya kwanza. Malaika aliyemletea habari ya mimba akishaondoka, Mariamu anafunga safari kwenda nchi ya vilima, kwa Elisabeti jamaa yake, mwanamke mzee aliyekuwa naye na mimba ambayo hakuna aliyeitarajia. Anakaa huko kama miezi mitatu. Mama mzazi wa Mariamu, ambaye mapokeo ya kanisa humwita Ana, Luka hamtaji hata mara moja. Sisemi kwamba binti alimficha mamaye, maana hatuambiwi. Ninachokiona ni kwamba alipohitaji mtu wa kulipokea jambo lile bila kuuliza kwanza watu watasema nini, alijua nyumba ya kwenda na njia ya kufika. Nikiwatazama mabinti wanaosimama nje ya kanisa baada ya ibada, wameshika simu, huwa najiuliza ni wangapi wana nyumba kama hiyo.

2. Piga hodi kwa mwenye mtoto

Kila binti anayeanza kuja kwangu, mimi nami huenda kwao. Siendi na Biblia wala barua ya parokia. Naenda na salamu, nakaa jamvini, naulizia shamba na hali ya korosho, kisha nasema jina la mtoto na sababu ya kuja kwangu.

Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, mnamfundisha nini mwanangu huko ambacho mimi sikijui?" Swali la haki kabisa. Nikamjibu kwamba hakuna, yote anayajua, pengine kunizidi. Ila akiyasema yeye, binti husikia amri, na nikiyasema mimi husikia maneno. Akaguna. Baadaye, akiwa anapanga mafungu yake ya dagaa, akaniambia kwamba na yeye mambo yake yote aliyapeleka kwa shangazi yake kule Newala, na mama yake alizikwa bila kuyajua. Tangu siku hiyo ndiye anayemkumbusha binti kuwa leo Jumamosi.

Wivu wa mama huyo naujua kwa sababu niliuonja. Binti yangu alipokuwa sekondari alikuwa na mama yake mwingine, mwanakwaya mmoja asiye na mtoto, aliyemfundisha kushona. Alikuwa akirudi kutoka kwake ametulia, nami nikajua kuna mazungumzo yamebaki kule ambayo hayatafika kwangu. Niliumia. Nilikuwa nikimpelekea yule mama maembe na mihogo, nusu shukrani na nusu upelelezi, naye alipokea kikapu, akanikaribisha chai, akanieleza habari za kwaya. Likizo moja binti alirudi amekonda, haongei. Akaenda kule siku tatu mfululizo, halafu akaanza kula. Hadi leo, naye ana watoto wake, sijui kilikuwa nini. Wala siulizi tena.

Paulo, mwishoni mwa barua yake kwa Warumi, anamsalimu Rufo na mama yake, kisha anaongeza kwamba mama huyo ni mama yake yeye pia. Maneno machache, katikati ya orodha ndefu ya majina. Mtu mzima, mtume, msomi wa sheria, aliyezunguka bahari na nchi, alikuwa na mama wa watu aliyemlea. Rufo alijisikiaje kumgawia mama yake mgeni mwenye matata kama Paulo, hatuambiwi. Ningependa kujua.

3. Mdomo hufunguka mikono ikiwa na kazi

Akina mama wengi wakitaka kulea mabinti hupanga viti. Mabinti hukaa, wanavuta sketi zao magotini, mgeni anafungua somo, na mwisho anauliza, "Kuna mwenye swali?" Hakuna mwenye swali. Hatakuwapo.

Kwangu hakuna viti vya kutosha, na imekuwa bahati. Msimu wa korosho tunabangua. Wiki nyingine tunachambua mchele, tunasuka ukili, tunamenya mihogo ya jirani mwenye msiba. Kubangua ndiko kunakofaa kuliko kote kwa sababu hakuruhusu mtu kuinua macho. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, lazima upake majivu mikononi na uangalie unapogonga. Hapo binti anasema jambo lake huku akiitazama korosho, nami namjibu huku nikiitazama yangu. Aibu inahitaji macho mawili yanayokutana, yasipokutana, hulegea. Siku binti mmoja aliponiuliza kama mtu anaweza kupata ujauzito mara ya kwanza tu, hakuna kichwa hata kimoja kilichoinuka, ila sauti za mawe zilikoma zote pamoja. Nikajibu ndiyo, nikaeleza sababu, na mawe yakaendelea.

Jambo dogo hapa: walipe au wagawie wanachokifanya. Binti anayekuja kubangua korosho zako bure kwa jina la malezi ataelewa baada ya muda kwamba amekuwa kibarua.

4. Mapenzi ya mama nayo hufunzwa

Katika barua kwa Tito, sura ya pili, Paulo anawaagiza wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana, na katika orodha ya mambo ya kufundishwa anaweka kuwapenda waume zao na kuwapenda watoto wao. Nilisoma mahali hapo miaka mingi bila kushtuka. Siku moja nikamtembelea mama wa miaka kumi na tisa aliyejifungua, mtoto analia, naye amekaa pembeni ya kitanda anamtazama kama mtu anayesikiliza kelele za nyumba ya pili. Akaniambia, "Mama, mimi sisikii kitu kwa huyu mtoto. Nimelaaniwa?" Nikafikiria Tito. Paulo asingeagiza kufundishwa jambo ambalo kila mwanamke huzaliwa nalo.

Zamani kulikuwa na arobaini. Mzazi alikaa ndani, akachuliwa, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto alipita mikononi mwa wanawake wengi kabla mama yake hajachoka naye. Leo mjini mzazi anatoka hospitalini asubuhi na jioni anafua. Umoja wetu umerudisha kiasi cha arobaini: zamu ya kupeleka uji, na zamu ya kumbeba mtoto saa moja ili mama alale. Hatuhubiri. Yule binti wa miaka kumi na tisa hatukumwambia ampende mtoto. Tulimpeleka kwa muuguzi wa kliniki, kwa sababu huzuni ya baada ya kuzaa ni ugonjwa unaotibiwa na haupaswi kuombewa tu, kisha tukaendelea na zamu za uji. Mtoto alipofika miezi minne nilimkuta mama yake anamwimbia, kwa sauti mbaya ajabu.

Ndivyo alivyolelewa Timotheo, nadhani, kwa mikono zaidi ya miwili. Baba yake alikuwa Mgiriki, na Paulo anapoitaja imani yake anaifuata nyuma hadi kwa Loisi, bibi yake, na Eunike, mama yake.

5. Siri nyingine hazitunzwi

Hapa sitanii. Mlezi hutunza siri, na binti akijua kwamba maneno yake yamefika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, hatarudi, na wenzake hawatarudi. Lakini binti akiniambia kwamba mjomba, baba wa kambo, mwalimu au mtumishi wa kanisa anamwingilia au anamshikashika, siri hiyo haikai kwangu hata usiku mmoja. Namwambia hivyo tangu siku ya kwanza anapoanza kuja, mbele ya wenzake wote, ili baadaye asione nimemgeuka.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka za serikali ya mtaa. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, kuna fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna namba 116 ambayo mtoto hupiga bila malipo. Haya nayajua kwa kichwa kama ninavyoijua Imani ya Mitume, na ninawataka akina mama wa zamu wayajue hivyohivyo. Muhimu kuliko yote ni kumwambia binti asioge wala asifue nguo kabla ya kufika hospitalini, na kufika upesi, maana dawa ya kuzuia Virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.

Wako watakaokuja usiku na mbuzi, na neno "tuyamalize kifamilia". Wengine huja na aya za msamaha. Msamaha upo, na huyo binti ndiye mwenye huo msamaha. Si sisi wa kuugawa.

6. Kichen pati haijawa unyago

Nimehudhuria kichen pati nyingi kuliko semina za ualimu. Ukumbi umepambwa, sare zimeshonwa, mchango umeandikwa daftarini, na bibi harusi mtarajiwa amekaa kwenye kiti chenye maua akitazama foleni ya majiko ya gesi, sufuria na blenda. Kisha anakuja mwalimu aliyelipwa, anashika maikrofoni, na mbele ya wanawake wengi wanaopiga picha anamweleza binti namna ya kumpokea mumewe akitoka kazini. Wote wanacheka. Mama mkwe anacheka pia, kwa makini.

Sipingi sherehe. Vyombo vinasaidia, na wanawake wa mjini wana haki ya kufurahi. Tatizo langu ni kwamba yote yanasemwa kwa mtu ambaye hawezi kuuliza. Bibi harusi hawezi kuinua mkono aseme, "Mchumba wangu alinipiga kibao mwezi uliopita, nifanyeje?" Somo wa zamani alikuwa na binti ndani kwa siku nyingi, na baada ya harusi binti aliendelea kumwendea hadi uzeeni. Wa maikrofoni anaondoka na bahasha kabla ya chakula.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea desturi: kabla ya kichen pati, binti anakaa na mama wawili, jioni kadhaa, chumbani, bila simu. Maswali ni yake. Mara mbili katika vikao hivyo binti ameamua kusimamisha ndoa. Familia moja ilituchukia kwa muda mrefu, na gharama ya ukumbi ilikuwa imeshalipwa. Nyingine ilitushukuru, kwa siri.

7. Aliyeshindwa anajua njia

Mwaka uleule wa 1876 ambao misheni ilifika Masasi, mke wa padri mmoja huko Old Alresford, Uingereza, aliwaita wanawake wa parokia nyumbani kwake wazungumzie malezi. Binti yake alikuwa amejifungua, naye akakumbuka alivyolemewa na mtoto wake wa kwanza. Jina lake Mary Sumner. Siku ya mkutano alishikwa na woga, akashindwa kusema, ikabidi awaombe warudi wiki inayofuata. Hivyo ndivyo ulivyoanza Umoja wa Akina Mama, ambao leo uko duniani kote. Kisa hiki nawasimulia wanawake wanaokataa zamu ya ulezi kwa kisingizio kwamba hawana kisomo.

Ila kuna wanaokataa kwa sababu nzito zaidi: "Mimi ndoa ilinishinda, nitamwambia nini mtoto wa mtu?" Hofu hiyo wameipata kwa muda mrefu kutoka kwa umoja wenyewe. Kwa miongo mingi mwanamke aliyeachika hakuruhusiwa kuwa mwanachama, na ni katika miaka ya 1970 tu mlango huo ulipofunguliwa. Parokiani kwetu mwenye sikio la kusikiliza kuliko wote ni mama aliyeachwa na watoto watatu na deni la duka. Mabinti huenda kwake kunipita mimi. Anajua dalili za mwanamume mwongo kwa undani ambao mimi, niliyeishi na mume mpole hadi Mungu alipomchukua, sitaupata kamwe.

Na hapo linaingia suala la mimba. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo, katika miaka yangu yote ya ualimu, mimba ilikuwa barua ya kufukuzwa. Nilifurahi, na nikaona aibu kwa niaba ya kanisa, maana katika sharika nyingi ninazozijua binti yuleyule angali anawekwa nyuma, anaondolewa kwaya, anazuiwa Meza ya Bwana, huku kijana aliyempa mimba akipiga kinanda. Dola ilimfungulia darasa mapema kuliko sisi tulivyomrudishia joho la kwaya.

Wanaotetea adhabu wana hoja, nami nimekaa nao: wanasema ukimwacha huyu, wengine wataiga. Sijaona binti aliyeshika mimba kwa kumwonea wivu mwenye mimba. Nimeona waliojificha miezi saba, wakakosa kliniki, kwa kuogopa uongozi wa kanisa.

8. Anza na aliye jikoni kwako

Fupi hili, kwa kuwa halina cha kuzunguka. Katika nyumba nyingi za akina mama wa umoja yupo dada wa kazi, binti wa miaka kumi na saba au ishirini, kutoka kijijini. Mama mwenye nyumba anatoka Jumamosi kwenda kulea mabinti wa kanisa, na dada anabaki anafua. Jumapili familia inakwenda ibadani, dada anabaki na ugali. Hana wa kumpeleka kipaimara, hana wa kumuuliza siku zake zimekuwaje, na simu yake inashikwa na mwajiri "kwa usalama wake".

Tulipoanza kumtaka kila mwanachama aje na dada yake wa kazi, mahudhurio ya akina mama yalishuka kwa wiki kadhaa. Yakapanda tena. Mmoja wa madada hao sasa anasoma ufundi cherehani kwa fedha za kikoba chetu, na mwajiri wake analalamika kwangu kila tunapokutana kwamba nimemharibia mfanyakazi.

9. Na wavulana?

Swali hili huwa linaniamsha usiku. Tumekazana na mabinti, na mabinti wanaolewa na hao ambao hatukuwagusa. Jando la huku kwetu limefupika. Vijana wengi hutahiriwa hospitalini na kurudi na bandeji, hakuna aliyewakalisha chini kuwaeleza chochote. Wanapomaliza darasa la saba au kidato cha nne, anayewapokea ni kijiwe cha bodaboda. Watu wa kijiweni si wabaya. Kuna wazee wa busara pale. Ila hawakuombwa na mtu kulea.

Akina mama wenzangu husema mvulana ni wa kulelewa na wanaume, na wanaume wa parokia husema wana mashamba. Basi namtaja Monika, mama wa Augustino, wa Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Kila mama anamjua kwa machozi na maombi. Wachache wanakumbuka kwamba kijana alimdanganya, akapanda merikebu kwenda Roma usiku, mama akiwa anasali kanisani huko Karthago. Alimfuata mpaka Milano. Na huko Milano aliyemgusa kijana alikuwa Ambrosi, askofu, mtu baki. Ambrosi ndiye aliyembatiza Pasaka ya mwaka 387. Monika hakumwonea kijicho. Alikwenda kusikiliza mahubiri yake kama waumini wengine.

Na kama ni lazima mlezi wa mvulana awe mwanamume, basi Prisila hakuambiwa. Yeye na mumewe Akila walimsikia Apolo, msemaji hodari kutoka Aleksandria, akihubiri jambo asilolijua lote, wakamchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi. Hawakumkatiza mbele ya sinagogi. Na hapo kitabu cha Matendo kinamtaja mke kwanza.

Nimempelekea katibu wa umoja hoja ya kuwaalika wavulana kwangu Jumamosi moja kila mwezi. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka kabla ya kusema. "Mama, wazo ni zuri. Lakini wale wanakula. Nani atawapikia?"

Nimemwambia watapika wenyewe.